Friji haigandishi? Usikubali haraka kwamba gesi imeisha: mwongozo kamili wa kuchagua friji na kujua inaumwa nini

Kila wiki napigiwa simu ileile, "fundi, friji yangu gesi imeisha, kujaza shilingi ngapi?" Na mimi kila mara namuuliza mtu, nani kakwambia gesi imeisha? Gesi ya friji sio kama ile ya mtungi wa jikoni inayowaka ikaisha, hii imefungiwa ndani ya mabomba tangu kiwandani, inazunguka tu, inabeba joto la ndani inalitupa nje kisha inarudi kuchukua lingine, na friji inaweza kukaa miaka 15 haijaongezwa hata gramu moja. Ikipungua maana yake kuna mahali pametoboka. Kwa hiyo mtu akikujazia bila kutafuta tundu amekuuzia miezi miwili mitatu tu, alafu utampigia tena.

Nafanya kazi hii Temeke, Dar, na naandika ndefu makusudi kwa sababu naona watu wanapoteza hela sehemu mbili, dukani wakati wa kununua na nyumbani friji ikianza kusumbua, na mara nyingi shida ya pili imezaliwa na ya kwanza, mtu kanunua friji isiyoendana na umeme wa mtaa wake au joto la mji wake, mwaka wa pili ndo anaanza kuzungushana na mafundi.

KABLA HUJAENDA DUKANI

Watu wengi wakifika Kariakoo wanaanza kuangalia milango na rangi. Wewe anzia nyumbani. Umeme wetu wa majumbani unatakiwa uwe volti 230, hezi 50, sasa chukua testa ya kusoma volti (multimita) au muite fundi umeme jirani, pima kwenye soketi yako kati ya saa 1 na saa 4 usiku muda ambao mtaa mzima umewasha kila kitu. Ukikuta 220 na kitu uko salama. Ukikuta inashuka mpaka 190 au chini ya hapo basi kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi, itakuwa inateseka kuanza, na hilo ni la kujua kabla hujatoa hela.

Ukubwa nao usibahatishe. Mtu mmoja au wawili lita 90 mpaka 150 zinatosha kabisa, familia ya watu wanne watano lita 200 mpaka 300, zaidi ya hapo iwe una sababu, unaweka nyama ya mwezi mzima au una biashara. Pima na mlango wa nyumba jamani! Nimeshaona friji imerudishwa dukani kwa sababu haikupita kwenye korido, na mwenye nayo kashalipia kirikuu kwenda na kurudi.

AINA ZENYEWE

Friji ya mlango mmoja, yenye kafriza kadogo humo humo juu, ndo rahisi kuliko zote kutunza. Haina feni, haina hita, ina kompresa, thamostati (swichi ya kupangia ubaridi) na ile sahani ya aluminiamu ya kupoza, basi. Ikiharibika vipuri vipo kila mtaa. Ubaya wake inajaa barafu, na lazima uizime uiyeyushe barafu ikifika unene wa kidole, maana barafu ikizidi inakuwa kama blanketi, inazuia ubaridi usitoke, kompresa inafanya kazi mchana na usiku na maziwa yanachacha.

Ya milango miwili, friza juu na friji chini, iko ya namna mbili na hapa ndo watu wanachanganya. Kuna ya kawaida ambayo sahani inagusa vyakula moja kwa moja na inajaa barafu kama ile ya mlango mmoja, na kuna nofrosti. Nofrosti koili yake imefichwa nyuma ya plastiki ndani ya friza, feni inapuliza ubaridi juu na chini, na kila baada ya masaa kadhaa hita inawaka dakika chache kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye koili, maji yanashuka kwenye trei nyuma yanakauka. Ni raha sana, hugusi barafu maisha yako yote. Ila kumbuka umeongeza feni, hita, sensa, taima au bodi ya elektroniki, yaani vitu vinne vitano zaidi vya kuharibika. Mtu mwenye umeme mzuri nitamwambia achukue nofrosti bila wasiwasi, lakini kama umeme wako unakatika na kurudi mara sita kwa siku, chukua ya kawaida uvumilie kuyeyusha barafu.

Zile za milango miwili ya kusimama kama kabati la nguo ni nzuri kwa macho, zina upana wa karibu sentimita 90 na friza yake ni nyembamba, sinia la pilau haliingii. Zile za kutoa maji na barafu mlangoni zingine zinataka bomba la maji lenye msukumo, kama maji yenu ni ya ndoo hicho kitu hutakitumia. Za mlango wa kioo waachie wenye duka, kioo kinapitisha joto kuliko ukuta wa friji na umeme utauona unavyokwenda.

Friza la kufungulia juu, hili nalipenda kwa biashara. Ubaridi ni mzito, unakaa chini, kwa hiyo ukifunua mfuniko haumwagiki kama unapofungua mlango wa mbele. Kwa anayeuza barafu, juisi, samaki au kuku hamna kinacholishinda, na umeme ukikatika likiwa limejaa na hujalifungua linaweza kushika mgando mpaka masaa 48, likiwa nusu kama 24. Kwa joto la Dar usiyapigie hesabu masaa yote hayo. Friji ya kawaida ni masaa 4 tu, baada ya hapo nyama, maziwa na mboga iliyopikwa anza kuvifanyia maamuzi.

Alafu kuna neno inveta, wauzaji wanalitaja sana. Kompresa ya kawaida inafanya kazi kwa nguvu zote kisha inazima, inawaka tena, inazima. Ya inveta inapunguza mwendo na kuongeza kulingana na joto, kwa hiyo inakula umeme kidogo, haina kelele, na haivuti umeme mwingi ghafla wakati wa kuanza, ndo maana wenye sola na jenereta ndogo wanaitaka. Ni nzuri kweli. Ila ina bodi ya elektroniki, na radi au umeme uliorudi kwa kishindo ukiunguza bodi ile, bei yake inaweza kukuumiza. Ukinunua inveta nunua na kinga ya umeme (friji gadi, nitaieleza mbele) siku hiyohiyo.

SOMA KIBANDIKO

Ndani ya friji ukutani au nyuma karibu na kompresa kuna kibandiko, na hapo kuna vitu vinne vya kusoma kabla ya kuuliza bei.

Volti kwanza. Iwe 220 mpaka 240 na hezi 50. Friji za Japani ni volti 100, za Marekani 115 mpaka 120, ukichomeka moja kwa moja huku kwetu umeiua siku ya kwanza.

Pili herufi za hali ya hewa. Hii hata wauzaji wengi hawaijui. SN na N zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Sasa fikiria jiko la Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa pili mchana, mkaa unawaka pembeni, nyuzi 32 zinapitwa kirahisi. Baadhi ya friji za mtumba kutoka Uingereza zina SN au N tu, kule zilikuwa zinafanya kazi vizuri, huku zinahema bila kupumzika, na mtu anasema gesi imeisha kumbe friji ipo mazingira isiyoyajua. Tafuta yenye T, zingine zimeandikwa SN-T maana yake inavumilia yote. Aliyeko Arusha, Njombe au Mbeya hata N itamfaa.

Tatu aina ya gesi. R12 ni za zamani sana, ndo ile iliyokuwa inaharibu tabaka la ozoni ikapigwa marufuku duniani kufuatia mkataba wa Montreal wa 1987, ukiikuta usinunue. R134a ziko nyingi na mafundi wengi wanaijua. R600a ndo ya friji nyingi mpya, inatumia umeme kidogo, inajazwa gramu chache sana, mara nyingi kati ya 30 na 70, ila inawaka moto, utaona kibandiko cha pembetatu ya njano chenye mwali. Ikiwa imefungiwa kwenye mabomba haina hatari. Hatari ni fundi asiyejua, nitaieleza mwishoni.

Nne umeme kwa mwaka, imeandikwa kWh. Gawa kwa 12 unapata yuniti za mwezi, mfano 240 ni yuniti 20 kwa mwezi. Ongeza kidogo maana vipimo vya kiwandani havikufanyiwa kwenye joto letu. Kama upo kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi piga hesabu hii vizuri, friji ndo inayowatoa wengi humo.

Friji ambayo unayo tayari unaweza kuipima mwenyewe kwa LUKU. Usiku kabla ya kulala zima kila kitu isipokuwa friji, andika yuniti zilizobaki, baada ya masaa 8 angalia tena, tofauti zidisha mara 3. Hiyo ni ya siku nzima, mchana itazidi kidogo kwa sababu ya joto na kufungua fungua. Friji ya nyumbani inayokula yuniti 3 kwa siku ina ugonjwa.

KWA WANAONUNUA MTUMBA

Usinunue friji ambayo haijawashwa. Mwambie muuzaji aichomeke, kaa hapo saa nzima hata kama anakuharakisha. Shika bomba jembamba linalotoka kwenye kompresa kwenda kwenye koili ya nje baada ya dakika kumi (kwa ncha ya kidole tu, linaweza kuunguza), liwe la moto. Fungua friza weka kidole kilicholowa maji kwenye sahani, kinate kidogo sehemu zote, sio kona moja. Kwa nofrosti sahani huioni, weka mkono pale upepo unapotokea. Angalia nyuma kama mabomba yamechomelewa chomelewa na filta (kale kachupa kwenye bomba kanakonasa unyevu) ni mpya wakati friji ni kuukuu, hiyo imeshafunguliwa. Mpira wa mlango usiwe umepasuka. Zima, subiri dakika tano, washa tena uone inaanza bila kugonga tik tik. Zanzibar na Dar zinaingia nyingi kutoka Dubai na Oman, hizo umeme wao unaendana na wetu na zimezoea joto, mimi binafsi nazipenda kuliko za Ulaya.

IKIFIKA NYUMBANI

Iache isimame masaa matatu au manne kabla ya kuichomeka. Kama ililazwa kwenye gari iache mpaka kesho yake, oili ya kompresa inakuwa imepanda kwenye mabomba na ukiwasha mapema unaisukuma ikazibe njia.

Isogeze mbali na ukuta, sentimita 10 nyuma na walau 5 ubavuni, mbali na jiko na mbali na jua la dirishani. Friji nyingi za sasa koili ya nje imefichwa ndani ya kuta za ubavuni, ndo maana ubavu unakuwa wa moto, watu wanashtuka, ni kawaida kabisa, sasa ukiufunika kwa kitambaa cha urembo au ukaubananisha na kabati ile joto itoke wapi? Miguu ya mbele inyanyue kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ujifunge wenyewe.

Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ethi, sio ekstenshen nyembamba ambayo ina pasi na tivii humo humo. Na katikati weka friji gadi. Nieleze kwa nini maana wengi wanadhani ni urembo. Kompresa ikizimika, gesi upande mmoja ina mgandamizo mkubwa na upande wa pili mdogo, inahitaji kama dakika tatu mpaka tano kusawazisha. Umeme ukikatika ukarudi baada ya sekunde kumi, kompresa inajaribu kuanza huku imekabwa, inashindwa, inachemka, ovalodi (swichi ya kuikinga isiungue) inakata, inapoa, inajaribu tena, ndo hiyo tik unayoisikia. Siku moja, mbili, mwisho waya za ndani zinaungua. Gadi inakata umeme ukishuka sana au kupanda sana, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndo inaruhusu. Ikiwa inawaka taa ya kusubiri usiipige piga, iko kazini.

Kiwango cha ubaridi, friji iwe nyuzi 4, isizidi 5, friza iwe 18 chini ya sifuri. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji kiamkie humo, asubuhi soma. Na ile namba ya thamostati 1 mpaka 7 sio nyuzi joto, kubwa ndo baridi zaidi. Nimeenda nyumba moja Mbagala mama kashalipia gesi kwa fundi mwingine, kumbe mtoto kazungusha namba mpaka 1.

FRIJI IKISUMBUA, FUATA MPANGILIO HUU

Imekufa kabisa, hata taa haiwaki. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi hiyo uone kama kuna umeme. Kama upo, fungua plagi ya friji, ndani kuna fyuzi, badilisha kwa ya ampea 13 au ile iliyoandikwa, usiweke waya wala karatasi ya sigara. Angalia gadi, chomeka friji bila gadi kwa muda uone. Ikiwaka basi aliyekufa ni gadi.

Taa inawaka ila kompresa haiungurumi. Angalia thamostati isiwe sifuri. Kama ni nofrosti subiri nusu saa, inawezekana ipo kwenye zamu ya kuyeyusha barafu. Baada ya hapo sikiliza nyuma, kama kuna mlio wa "mmm" alafu tik kila baada ya dakika chache, pima umeme kwanza, ukiwa chini ya 190 tatizo ni umeme sio friji. Umeme ukiwa mzuri, chomoa plagi, fungua kale kakifuniko ubavuni mwa kompresa, kuna relei, kile kipuri cha kuianzisha kompresa, imechomekwa pale, ichomoe uitikise sikioni. Ikicheza kama njugu imevunjika ndani, nunua ya namba ileile, ni kipuri cha bei ndogo na nimeona watu wameambiwa wanunue kompresa nzima kwa ajili yake. Mwenye testa apime omu kwenye pini tatu za kompresa, mbili mbili, usomaji mkubwa uwe sawa na jumla ya miwili midogo, na pini yoyote na bodi ya chuma kusiwe na mawasiliano. Ikiwa hivyo waya za ndani za kompresa ni nzima. Hii ni kwa kompresa ya kawaida, ya inveta usiifungue kama hujaisomea.

Inaunguruma ila haigandishi vizuri. Hapa ndo gesi inasingiziwa, twende polepole.

Chukua noti au karatasi, ibane kwenye mlango, vuta. Ikitoka bila kukaza mahali hapo mpira haushiki, hewa ya moto ya Dar inaingia usiku kucha na unyevu wake wote. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara nyingi ni mafuta na sukari ya soda imegandiana. Ukiwa umepinda, upitishe maji ya moto kwa kitambaa au drayer ya nywele mpaka ulainike, uuvute, ufunge mlango ukae usiku mzima. Hamna nafuu, badilisha.

Koili ya nyuma, safisha vumbi kwa brashi friji ikiwa imechomolewa. Usijaze friji mpaka hewa haipiti, usiweke sufuria la wali linalotoa moshi, liache lipoe ila lisikae nje zaidi ya masaa mawili.

Kama ni nofrosti na friza inagandisha vizuri lakini chini kwenye friji ni vuguvugu, nakuambia kwa uhakika wa miaka ya kazi hii, hiyo karibu kila mara sio gesi. Koili imezingirwa na barafu, feni inashindwa kupuliza. Jaribu hivi: toa vyakula, chomoa, acha milango wazi masaa 24, tandika matambara chini. Washa. Ikirudi kupoza vizuri alafu baada ya wiki moja mbili inaanza tena, umepata jibu, mfumo wa kuyeyusha haufanyi kazi, ni hita imekatika, sensa au fyuzi ya joto imekufa, au taima imekwama. Mwambie fundi hivyo hivyo, akikutajia gesi kabla ya kupima hita muage kwa heshima. Na kama huisikii feni kabisa ikivuma ndani, feni yenyewe ndo ya kuangaliwa. Kumbuka nyingi zinazima feni ukifungua mlango, bonyeza swichi ya mlango kwa kidole ndo usikilize.

Inapoza, inaacha, unaizima unapumzisha, inapoza tena siku mbili, inaacha. Mara nyingi kuna unyevu ndani ya mabomba, unaganda kwenye kapilari, kale kabomba kembamba kuliko yote, unaziba njia, ukiyeyuka njia inafunguka. Hii inatokea kwa friji iliyofunguliwa na fundi asiyevuta hewa yote wala kubadilisha filta.

Maji yanajaa chini ya droo za mboga. Hamna ugonjwa mkubwa hapo, ni tundu la maji nyuma ya friji ndani limeziba na vipande vya mchicha. Chukua waya laini uliozungushiwa pamba, zibua, mwaga maji ya uvuguvugu mpaka yashuke kwenye trei juu ya kompresa. Ukiwa huko nyuma osha na hiyo trei, harufu nyingi ya friji inatoka pale, wala sio samaki wa jana.

Friji kutoka jasho nje, miezi ya unyevu huku pwani ni kawaida, futa. Ikitoka jasho pembezoni mwa mlango tu rudi kwenye mpira. Mlio wa maji yanayochuruzika au tak ya plastiki usiku ni kawaida pia. Kutetemeka kama bodaboda ni miguu haijalala sawa au trei inagusa kompresa.

Ikikupiga shoti ukigusa chuma, chomoa saa hiyo hiyo, mtu asiifungue peku. Ni ethi haipo au kuna waya umegusa chuma cha friji, hilo la fundi, msilizoee kwa kuvaa ndala, limeua watu.

KISU

Naliweka peke yake. Usichokonoe barafu kwa kisu, bisibisi wala kijiko. Ile sahani ni aluminiamu nyembamba na gesi inapita ndani yake. Mteja wangu mmoja, mama muuza barafu za ubuyu, alitaka kutoa vifuko vilivyonatana asubuhi watoto wa shule wakiwa wanapita, akachoma kwa kisu, akasikia "sssss" na friji ikaisha hapo. Amejaziwa gesi mara mbili na watu wengine kabla yangu na kila mara inatoka, kwa sababu hakuna aliyeziba. Zima, weka sufuria la maji ya moto ndani, funga mlango nusu saa, barafu inadondoka yenyewe. Na kama kisu kimeshapita kwenye friji yenye R600a, fungua madirisha, usiwashe jiko wala kiberiti, na usichomoe plagi wala kugusa swichi pale pale, kata umeme kwenye meni swichi kama iko mbali na hapo.

KAMA KWELI NI GESI

Dalili yake ni hii: kompresa inaunguruma bila kuzima, koili ya nje haina joto, na ndani barafu inashika kakona kamoja tu ka sahani, sehemu nyingine kavu. Hapo sawa, ita fundi, ila mwambie mapema unataka aone tundu kwanza kwa povu la sabuni na naitrojeni, alizibe, abadilishe filta kila anapofungua mfumo, avute hewa kwa pampu ya vakyumu sio kupuliza kwa gesi yenyewe, alafu apime gesi kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kwa R600a mizani ni lazima, gramu kumi za kuzidisha zinaonekana.

Na aweke gesi ileile. Kompresa ya R600a ukiijazia R134a inazidiwa mzigo na oili haiendani, inakufa. Wengine wanajaza gesi ya kupikia, usikubali hata kwa bure, maana kuna atakayekuja kuifungua kesho na moto mkononi akiamini alichosoma kwenye kibandiko. Kwa R600a pia fundi asiwashe moto wa kuchomelea wakati gesi ipo ndani, aitoe kwanza nje, mahali pa wazi, bomba likatwe kwa kikatio.

Akimaliza usimlipe yote akiwa mlangoni. Mpe kiti, chai, subirini wote saa moja, alafu ufungue friza uangalie sahani. Ukungu wa barafu uwe umeshika kuanzia mwanzo wa bomba mpaka mwisho wake, hapo mpe hela yake na umuombe aandike tarehe na gramu alizoweka kwa kalamu nyuma ya friji, pembeni ya kompresa.